Uzima, uzazi, mapendo: furaha iliyozaliwa kambini

Kulikuwa na wakati ambapo raha na taabu ya mtu wa Katanga vilipimwa ofisini. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ni kubwa kwa umri kuliko mji wa Lubumbashi wenyewe, ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Mfanyakazi wake alipewa posho: unga, mafuta, chumvi, samaki au nyama, kila kitu kwa kipimo. Alipewa nyumba ya kambi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilimtaka akae humo na mke wake, maana ilikwisha kuona kwamba mwanaume mwenye familia hatoroki, na watoto wake ndio wafanyakazi wa kesho. Mama alijifungulia hospitali ya kampuni, mtoto akasoma shule ya kambini, Jumapili watu wakaenda misa na mpira. Wazee waliokulia humo bado wanaizungumzia kampuni kama mzazi. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipotoa kitabu juu yao mwaka 2001, aliwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Naanza hapo kwa sababu swali la imani, furaha na mateso huulizwa mara nyingi kama jambo la moyo wa mtu mmoja, usiku, akiwa peke yake na Mungu wake. Kwetu Katanga halijawahi kuwa hivyo. Ndani yake kulikuwa na posho, mshahara, na mtu mwingine aliyekaa mahali akiamua nani apate nini. Anayetafuta mizani bila kuuliza mateso yametoka wapi atajituliza kwa jioni moja tu, na asubuhi atayakuta palepale.

Kanisa lilikuwa ndani ya mpango huo tangu mwanzo. Upande huu wa Katanga ulikabidhiwa Wabenedikto, na askofu wao, Jean-Félix de Hemptinne, alikuwa mtu wa kusikilizwa serikalini. Wamisionari waliendesha shule za kambi. Walifundisha sala, na pamoja na sala wakafundisha kuwahi kazini, usafi na utii. Mateso nayo yalipewa maelezo yake: vumilia, thawabu iko mbinguni. Sidai kwamba mapadre walihubiri hivyo kwa hila. Wengi wao waliamini walichosema na wakazikwa katika ardhi hii. Lakini Desemba 1941, vita vya dunia vikiwa vimepandisha bei na kuifanya kazi kuwa nzito zaidi, wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Gavana alikuja na askari. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alipigwa risasi akafa, na makumi ya wengine wakauawa pamoja naye. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo.

Waswahili tuna methali ya kufarijiana, baada ya dhiki faraja. Naipenda, na nimeitumia mbele ya wafiwa. Ila methali hiyo inayapanga mambo kwa zamu, dhiki itoke kwanza ndipo faraja iingie, na kwa mjane wa mtu aliyeuawa uwanjani zamu ya pili haikufika. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ilikuwa ya mume. Ninachotaka kusema katika safu hii ni kwamba imani ya watu wa Katanga ilipata mizani kila ilipoacha kungoja zamu, ikaviruhusu furaha na mateso vikae pamoja chini ya paa moja, na ikaipoteza mizani hiyo kila ilipoahidi kwamba kimoja kitakifukuza kingine. Mfano mkubwa kuliko yote ulizaliwa Kolwezi.

Mwaka 1945 kilichapishwa Élisabethville kitabu kilichomkera de Hemptinne, La philosophie bantoue. Mwandishi wake, Placide Tempels, alikuwa Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miaka mingi kati ya Waluba. Alidai kwamba kwa mtu wa huku kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, nayo huongezeka au kupungua kwa jinsi mtu anavyohusiana na wenzake, wazee wake na Mungu. Wanafalsafa wa Afrika, Paulin Hountondji akiwa mmojawapo, wamemkosoa kwa haki, kwani amewasemea mamilioni ya watu kana kwamba wana wazo moja. Mimi nakiona kitabu hicho kuwa nusu ya safari. Nusu ya pili aliitembea aliporudi Kongo mwaka 1949, baada ya miaka kadhaa Ulaya, akakuta kazi yake iko kwenye kambi za wachimbaji wa Kolwezi.

Katika Notre rencontre, kilichotoka mwaka 1962, anasimulia jinsi alivyochoka kuwa padre mwenye majibu. Alikaa na wafanyakazi na wake zao, akawauliza wanatamani nini kuliko vyote. Yaliyorudi ni mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hawakuomba mateso yaondoke, ingawa mateso walikuwa nayo. Waliomba kuishi kikamilifu, kuzaa na kupendana. Naye akatambua kwamba hayo matatu ndiyo anayoyatamani yeye pia, na kwamba kwa miaka yote aliyokuwa akifundisha hajawahi kumwambia mtu hivyo. Kufikia mwaka 1953 lilikuwepo kundi, nalo likaitwa Jamaa.

Jamaa ilikuwa ya wanandoa. Mtu aliingia na mwenzake, akaongozwa na baba na mama waliotangulia, kwa mafundisho yaliyotolewa kwa Kiswahili cha kambini, hatua kwa hatua, katika njia tatu. Aliyekwisha kupita aliweza naye kuwazaa wengine katika imani, hata padre alihitaji kuzaliwa na jozi ya wafanyakazi. Mtu wa shimoni akiwa mzazi wa padre, katika Kongo ya Wabelgiji! Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na watu hao mwaka 1966 na 1967, na kitabu chake cha mwaka 1971 kinaonyesha jinsi mafundisho yao yalivyokuwa na mantiki yake, yakitungwa na watu wasio na elimu ya seminari.

Tuyachambue maneno hayo matatu kwa macho ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Kazini aliitwa kwa namba. Nyumbani, mke wake alihesabiwa kwenye posho. Wote wawili walitoka vijiji tofauti, pengine makabila tofauti, na hapakuwa na shangazi wa kuwasuluhisha walipogombana. Ndoa ya kambini ilikuwa mahali pa upweke mkubwa. Jamaa ikawaambia kwamba kule kukutana kwao wawili, mume kufungua moyo kwa mke na mke kwa mume, ndipo Mungu anapopita. Mwanaume alitakiwa aseme mawazo yake mbele ya mkewe, hata ndoto zake. Furaha ikapata mahali pa kukaa: chumba kimoja cha matofali, jioni, kabla ya king'ora cha kesho. Haikungoja mshahara upande wala mbingu zifunguke.

Na uzazi. Kila mtu wa Lubumbashi anajua anavyotazamwa mwanamke asiye na mtoto. Jamaa ilisema kuzaa kunapita mwili, kwamba wanandoa wanaomleta mtu kwenye uzima wamezaa kweli, na aliyezaliwa atawaita baba na mama mbele ya watu. Natafakari mara nyingi ilikuwaje kwa mama tasa wa Musonoi, kambi ya Kolwezi, kuitwa mama siku ya kwanza na mtu mzima mwenye ndevu. Utasa wake haukuondoka. Machozi yake hayakuitwa ukosefu wa imani. Lakini kando ya machozi hayo kulikuwa na watoto. Hiyo ndiyo mizani ninayoizungumzia, na sijaona mahali pengine ilipoelezwa kwa uwazi kama huo.

Jamaa ilikuwa na upofu wake, na nisiposema hivyo nitakuwa nimepamba. Ilichipua kwenye ardhi ya kampuni na haikuiuliza kampuni lolote. Familia yenye amani ilikuwa faida kwa mwajiri. Mapendo yalijaza chumba, ila hayakufika kwenye ofisi ya mishahara. Baadaye baadhi ya makundi yaliyojitenga, yaliyojulikana kama Katete, yalishutumiwa kwa upotovu na kukataliwa na Kanisa, na maaskofu wakaitilia shaka Jamaa nzima. Tempels alikwisha kurudi Ubelgiji mwaka 1962. Alifariki huko mwaka 1977 bila kuiona tena Kolwezi.

Upande uliokosekana ulisikika kutoka kiti cha askofu wa Lubumbashi. Eugène Kabanga alikuwa askofu mkuu wa jimbo hili tangu 1967 hadi 1998. Miaka ya katikati ya 1970 ilikuwa migumu kwa waamini: majina ya Kikristo yalipigwa marufuku mwaka 1972, mashamba na maduka yalitwaliwa mwaka 1973 na kugawanywa kwa wakubwa, na mwaka 1974 Noeli ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa. Bei ya shaba ilipoanguka, njaa iliingia hata kambini. Mwaka 1976 Kabanga aliandika barua ya kichungaji yenye kichwa kinachomaanisha "Mimi ni mtu". Aliikosoa nchi ambamo kiu ya fedha na woga vimemfanya raia kuwa chombo. Katika utawala wa Rais Mobutu, barua ya namna hiyo ilihitaji moyo. Nikiisoma kando ya mafundisho ya Jamaa naona vinakamilishana: yale yanamwambia mtu jinsi ya kuishi na mateso asiyoweza kuyaondoa, hii inamkumbusha kwamba yapo mateso ambayo ni dhambi kuyazoea.

Waamini nao walikuwa na hekima yao, ambayo haikuandikwa. Noeli ya 1974 ilikuwa siku ya kazi. Watu walifanya kazi, jioni wakala, wakaimba. Amri ya serikali ilifuta likizo, furaha ikabaki.

Kisha baba akafa. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa tani kama 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 kulikuwa na uporaji wa maduka na karakana. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakatika kwa miezi na miezi, posho ikakoma, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiinua mgongo na kuondoka kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Uliitwa kuondoka kwa hiari, na mpaka leo wazee hao wanajulikana mjini kama départs volontaires. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, Wakasai, yaani wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Likasi na Kolwezi, mamia ya maelfu kwa jumla, watu waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Walilala stesheni, shuleni na kwenye viwanja vya makanisa wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walikufa wakingoja au njiani. Hili bado ni jeraha. Walikuwemo waliowapelekea maji majirani zao, na walikuwemo waliohamia katika nyumba zao wiki hiyohiyo, na wote wawili walikutana tena misani.

Ni katika miaka hiyo makanisa ya uamsho yalipoenea katika mitaa yetu ya Lubumbashi: Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba. Siwadharau. Kwa mtu aliyekuwa na namba kazini kisha akakosa hata namba, mhubiri anayemtaja kwa jina na kumwekea mikono ni neema. Mkesha wa Ijumaa umewaokoa wengi na pombe na kukata tamaa. Ninachokipinga ni hesabu inayofundishwa katika baadhi yao: mateso ni dalili ya laana au ya adui wa ukoo, furaha ni dalili ya imani, basi aliye bado na mateso hajaamini vya kutosha au anaye mchawi nyumbani. Hesabu hiyo inamwongezea mgonjwa mzigo wa pili. Na imewafukuza watoto majumbani. Mtoto aliyefiwa na mama na kulelewa na mjomba asiye na kazi anatafutiwa lawama ya umaskini wa nyumba nzima, anaitwa mchawi, anaishia sokoni. Hapo imani imeahidi kwamba furaha itayafukuza mateso, na yalipokataa kufukuzwa, akafukuzwa mtoto.

Pamoja na hayo Lubumbashi ina mahali pengine inapojifunzia mizani, tena pa zamani kuliko Jamaa na makanisa yote. Ni kilio. Mtu akifa, bashi, yaani turubai, inatandazwa uani, viti vya kukodi vinashushwa, magogo yanawashwa kwa ajili ya wanaume watakaokesha nje. Akina mama wanakaa ndani sakafuni na mfiwa. Daftari la michango linafunguliwa, na kila jina linaandikwa na kiasi chake, kwa sababu siku moja deni hilo litalipwa kwenye kilio kingine. Kwaya ya parokia inakuja, mara nyingine kwaya za makanisa mawili zinapokezana. Usiku wa manane, machozi yakiwa yamekauka, wajukuu na watani wa ukoo wanaanza kazi yao: wanamwiga marehemu alivyotembea, wanataja ubahili wake, wanadai pombe aliyowaahidi. Mjane anacheka. Nimemwona mjane akicheka hivyo, kisha akalia kwa sauti kuliko mwanzo, na hakuna aliyemwambia achague.

Hakuna mhubiri aliyewapangia watu utaratibu huo, lakini imani imeingia ndani yake vizuri. Marafiki wa Ayubu, kabla hawajaanza kuhubiri na kuharibu, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Paulo aliwaandikia Warumi wafurahi na wenye furaha na kulia na wanaolia. Hakuweka masharti kwamba kwanza wachunguze nani amestahili nini. Waislamu wa mji huu hukaa na wafiwa wao namna yao, na majirani Wakristo huketi uani pamoja nao. Kilio hakitoi maelezo ya mateso. Kinahakikisha tu kwamba aliyeteseka hali peke yake, halali peke yake, na hacheki peke yake, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi.

Tangu miaka ya 1990 kilio nacho kimebadilika. Siku za kukesha zimepunguzwa kwa sababu ya gharama. Kampuni iliyokuwa ikisaidia mazishi haisaidii tena. Kijana akifa, wenzake wakati mwingine wanaushika msiba wenyewe, wanaimba nyimbo za matusi, wanawashutumu wazee. Wachungaji wengi wanalaani jambo hilo. Nadhani wangelisikiliza kwanza. Vijana hao wanasema kwamba kifo cha mtu wa miaka 20 si cha kufunikwa kwa wimbo wa mbinguni, kwamba kuna mtu anapaswa kujibu. Wanakosea kumtafuta mwenye kujibu katika mzee wa nyumba. Swali lao ni sahihi.

Leo shaba imerudi. Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2024, mara sita ya kilele cha Gécamines, na foleni ya malori kuelekea mpakani Kasumbalesa haikatiki. Kambi hazikurudi. Wengi migodini wameajiriwa na kampuni za kati, kwa mikataba mifupi, bila posho wala nyumba, na wengine wengi ni wachimbaji wadogo wanaoshuka shimoni kwa kamba. Juni 2019, kwenye mgodi wa KOV pale Kolwezi, udongo uliwafunika wachimbaji wapatao 40. Ni Kolwezi ileile ya Tempels. Ibada zilifanyika, na waliozika walilia na kuimba kama tunavyojua kufanya.

Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za mtaani, na jumuiya hizo zipo hadi sasa, nyumba kadhaa zinazosali pamoja kila juma. Hapo ndipo ningetaka urithi wa Jamaa uhamie, kwa sababu mwenye mkataba wa miezi mitatu hana kambi na mara nyingi hana ukoo mjini. Anahitaji watu watakaomwita baba wakati kampuni inamwita kibarua. Ningetaka barua ya Kabanga ya 1976 iingie humo pia. Kila parokia ina daftari la mazishi, lenye jina na tarehe. Hakuna kinachomzuia katibu wa parokia kuongeza mstari: alikufa shimo gani, alikuwa akimfanyia nani kazi, nani alilipia jeneza. Baada ya miaka mitano parokia za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi zingekuwa na orodha ambayo askofu angeweza kuiweka mezani kwa gavana, na ambayo kwaya ingeweza kuyasoma majina yake usiku wa kilio, kabla wajukuu hawajaanza utani wao.